Waya wa Ardhi wa Nyumba ya Emilienne

Marehemu Zéphirin, aliyezikwa Kasongo majuma mawili kabla ya Pasaka, alikuwa fundi wa sola. Waliokuja kwenye kilio walisema mema yake mengi, na yote yalikuwa kweli. Walisema hakuwa mlevi, hakumdanganya mtu kwenye kazi, aliimba sauti nzito kanisani, na hakukataa kwenda kijiji chochote hata kama pikipiki ililazimika kubebwa mabegani kuvuka mto. Jambo moja halikutajwa, kwa kumwonea huruma maiti. Yeye mwenyewe asingependa lifichwe. Aliwahi kulisema kwa kinywa chake mbele ya kijiji kizima, akiwa amesimama shimoni mpaka magotini. Basi na hapa lisemwe, Mungu amrehemu.

Ufundi aliupata Salamabila, kwenye dhahabu. Alikwenda kuchimba kama vijana wenzake, lakini mikono yake ilipenda mashine kuliko mchanga. Alianza na pampu za kutoa maji mashimoni, akaingia kwenye jenereta, na sola zilipoanza kufika alikuwa tayari mtu wa kuitwa. Huko ndiko alikoona radi ikiingia nyumbani kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu. Betri ilipasuka, nyaya zikaungua ukutani kama nyasi, na mtu aliyekuwa ameshika simu kwenye chaji akafa palepale. Watu wakasema mara moja kwamba radi imetumwa na adui wa yule mnunuzi. Zéphirin aliizunguka nyumba mara mbili. Aliona paneli juu ya mabati, na chuma chake hakikuwa na njia yoyote ya kuteremka ardhini. Radi ilitafuta njia, ikapita kwa binadamu.

Aliporudi Kasongo na kumwoa Célestine, hakufunga tena sola bila waya wa ardhi. Ulikuwa waya mnene wa shaba, unaotoka kwenye chuma cha paneli, unateremka ukutani ndani ya bomba jembamba la plastiki, unakwenda kuungana na nondo iliyopigwa ardhini mpaka ipotee. Kuizunguka nondo alijaza makaa ya kupondwa na chumvi. Mahali pa kuipiga hakupachagua ovyo: palikuwa nyuma ya nyumba, ambapo maji ya kuoga na ya vyombo hutiririkia, kwa sababu ardhi yenye unyevu huupokea umeme haraka. Akawafundisha wenye nyumba kwamba wakati wa kiangazi, kila jioni, wamwage hapo beseni moja la maji. Na mawingu yakijikusanya, wachomoe kila kitu, simu, redio na televisheni, kabla ya ngurumo ya kwanza.

Wamama walimcheka. "Fundi huyu ananywesha chuma!" walisema. "Kesho atatuambia tukipikie ugali." Lakini walimwaga. Miaka ikapita, radi zikapiga miti, zikapiga mbuzi, zikapiga shule yenye mabati mapya. Nyumba zenye waya wa Zéphirin zikabaki. Watu wakaanza kusema kwamba radi ikiona waya wake inageuka. Mwanzoni aliwasahihisha. Aliwaambia kwamba waya unasaidia tu, kwamba mwenye kulinda ni Mungu. Baadaye aliacha kusahihisha, maana maneno yale yalikuwa matamu masikioni.

Dada yake mkubwa, Emilienne, alikaa kijiji cha Lusangi. Wazazi wao walipokufa ndiye aliyemlea, na Zéphirin hakuwahi kumwita kwa jina bila kutanguliza yaya, yaani dada mkubwa. Alipopata zana zake za kwanza alimfungia sola nzuri kuliko ya mtu mwingine yeyote. Emilienne akawa anachajia watu simu, hasa wale wapitao na pikipiki kwenda na kutoka Salamabila, akisaidiwa na binti yake Naomie. Na kila jioni ya kiangazi, baada ya kuosha vyombo, alizunguka nyuma ya nyumba na beseni lake la bluu. Hakuruka hata siku moja. Hata akiwa na homa alimtuma Naomie.

Mwaka ule kanisa la Zéphirin pale Kasongo lilijenga nyumba ya wageni. Yeye alikuwa shemasi, na kazi ya sola akapewa yeye. Wageni wakubwa walikuwa wanatoka Kindu kuja kuifungua mwezi wa saba. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa waya wa ardhi: shaba nene ilikuwa imekwisha sokoni, na lori lililotarajiwa lilikuwa limelala njiani na ekseli iliyovunjika.

"Uwaambie tu bado," Célestine alisema. "Wageni watalala na taa za betri. Hawatakufa."

"Mimi nisimame mbele ya wazee wote niseme bado?"

"Eeh. Juu ya nini usiseme? Mutu hapigwi juu ya bado."

Hakusema. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki kwenda Lusangi. Emilienne na Naomie walikuwa shambani. Zéphirin alikata waya kule juu kwenye paneli, akauvuta kutoka ndani ya bomba, akauchimbua mpaka kwenye nondo, akaukunja na kuufunga nyuma ya pikipiki. Alijiambia kwamba anaazima tu. Ilikuwa kiangazi, mbingu kavu, radi ziko mbali. Kabla ya mvua za mwezi wa tisa lori litakuwa limefika, naye atarudisha. Tena ni kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Hayo yote alijiambia. Lakini kabla ya kuondoka alichukua kipande cha waya, urefu wa mkono, akakichomeka kwenye mdomo wa bomba huku chini na kuizamisha ncha yake ardhini kwa kidole gumba, kisha akairudishia ile ardhi na kuisawazisha kwa kiganja. Mtu akipita angeona waya unatoka kwenye bomba na kuingia ardhini kama zamani. Miaka yote iliyofuata, akikumbuka siku ile, hakuukumbuka sana ule waya mrefu. Alikikumbuka kile kipande.

Dada yake aliporudi kutoka shamba alifurahi. "Zéphi! Umekuja bila kutuma habari? Nikuchinjie kuku."

"Nilikuja kuangalia betri tu, yaya. Narudi leo."

"Betri iko sawa?"

"Iko sawa."

Nyumba ya wageni ilifunguliwa. Mchungaji alimsimamisha Zéphirin mbele ya watu, akamwekea mkono kichwani na kumshukuru Mungu kwa fundi asiyeacha kitu nyuma. Watu wakapiga makofi. Célestine, ambaye alikuwa ameuona waya ulivyofika nyuma ya pikipiki, alitazama chini.

Lori lilifika mwishoni mwa mwezi wa nane. Shaba ikapatikana. Lakini kulikuwa na kazi ya huyu na ya yule, kulikuwa na ubatizo, kulikuwa na tairi la kuziba. Kila Jumapili Zéphirin alisema juma hili nitakwenda. Mvua za kwanza zilinyesha polepole bila ngurumo, na hilo nalo likamlegeza.

Radi ilipiga mwezi wa kumi, saa tisa mchana. Naomie alikuwa peke yake nyumbani. Alisikia ngurumo kwa mbali, akakimbilia kwenye meza ya simu kuchomoa, kama mjomba wake alivyowafundisha. Zilikuwa zimebaki mbili. Majirani walimkuta sakafuni, nywele zake zikinuka moto, mkono wa kulia umevimba. Betri ilikuwa imepasuka na nyaya zote zimeungua ndani ya kuta. Mungu alimrudisha Naomie, lakini sikio lake la kulia halijasikia kitu tangu siku ile.

Ng'ambo ya kiwanja, hatua kama thelathini hivi, alikaa Mama Amisa, mjane Mwislamu aliyesuka mikeka. Juma moja kabla ya radi, mbuzi wake walikuwa wamekula maharage ya Emilienne. Wamama hao wawili walirushiana maneno, na Amisa katika hasira alisema, "Mungu iko anaona. Na wewe utaona." Ni neno ambalo kila mama wa Lusangi amewahi kulisema. Sasa likakumbukwa.

Kapita Amuri, mkuu wa kijiji, hakuwa mtu mbaya. Aliwazuia vijana waliotaka kubomoa nyumba ya Amisa, akasema wamngoje fundi aje. Hoja yake ilionekana nzuri kwa wote. Nyumba yenye waya wa Zéphirin radi haiingii; hilo lilijulikana. Kwa hiyo kama waya ulikuwa mzima, radi hii haikuja yenyewe. Imetumwa.

Zéphirin alifika siku ya pili, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Kile kipande kilikuwa palepale, kimeingia ardhini vizuri. Ardhi ilikuwa na unyevu. Alirudi mbele ya nyumba, akashika njia ya kwenda kwa kapita.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa kapita. Amisa alikuwa ameketi chini kwenye mkeka wake mwenyewe, peke yake, na watu wamemwachia nafasi kubwa kama anayeumwa ugonjwa wa kuambukiza. Emilienne aliketi upande mwingine, Naomie amemlalia mapajani.

"Fundi," alisema kapita, "sisi hatuna maneno mengi. Iko swali moja tu. Ile waya yako ilikuwa muzima?"

"Kapita, na wewe unauliza?" kijana mmoja alipaza sauti nyuma. "Ni nyumba ya dada yake! Atafunga ya watu vizuri, ya dada yake aifunge na kamba ya ndizi?"

Watu walicheka. Amisa hakucheka. Alimtazama Zéphirin usoni.

"Mumuache aseme mwenyewe," alisema. "Papa Zéphirin, ni wewe unajua mambo ya umeme. Mimi hata taa sina. Sema."

Zéphirin aliona macho ya watu wote, yale yale yaliyomsifu kila kijiji alichopita. Akaona uso wa dada yake. Alifungua kinywa akiwa hajui bado kitakachotoka.

"Niliufunga vizuri," alisema.

Ni maneno mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. Aliufunga vizuri, miaka sita nyuma. Hakuna aliyemuuliza aliufungua lini.

"Basi," alisema Amisa kwa sauti ndogo. Hakulia wala kulaani. Aliukunja mkeka aliokuwa ameukalia, na kabla ya saa kumi na moja Faradji, mtoto wa kaka yake, alikuwa amempakia kwenye pikipiki pamoja na sufuria mbili na jogoo aliyefungwa miguu, kumpeleka Kabambare. Vijana waliwasindikiza kwa miluzi mpaka mwisho wa kijiji.

Zéphirin alibaki kutengeneza. Alitoa nyaya zilizoungua, akapangusa masizi, akafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni bila kula, na watu wakasema angalia namna anavyompenda dada yake. Naomie alimfuata kila mahali akizungumza kwa sauti kubwa mno, kwa sababu alikuwa bado hajui kuipima sauti yake.

"Mjomba! Nilichomoa vile ulituambia! Zilibakia mbili tu! Ningeanza upande ule mwingine, eeh?"

"Hapana, mama. Ulifanya vizuri."

"Nini?"

"Ulifanya vizuri!" alipiga kelele, na kelele ile ilimchoma kinywa.

Usiku alipiga magoti kando ya kitanda na hakuweza kusema Baba yetu. Alifika kwenye neno utusamehe, akasimama hapo kama pikipiki kwenye tope.

Jioni ya siku ya tatu, jua likiwa bado juu ya migomba, alikuwa ameketi nyuma ya nyumba akikunja mabaki ya nyaya. Emilienne alitoka na beseni la bluu. Nyumba haikuwa na betri wala taa, na mvua ilikuwa imenyesha juzi. Hata hivyo alikuja polepole, akainama kwa mgongo wake wa mama wa miaka sitini, akaanza kumimina maji juu ya kile kipande, kidogo kidogo, ili yasirukie pembeni.

"Yaya," alisema Zéphirin. "Usimwage."

"Wewe si ndiye uliniambia isikauke?"

"Hapo hakuna kitu."

Emilienne alidhani anasema waya umeungua. "Basi utaweka ingine. Acha ardhi ibaki na maji."

Zéphirin alinyoosha mkono, akakishika kile kipande na kukivuta. Kilitoka bila nguvu yoyote, urefu wa mkono, na tone la maji kwenye ncha yake.

Dada yake alikitazama. Alitazama shimo dogo kilipotoka, halafu akatazama bomba.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba. Niliupeleka kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Nilitaka kurudisha."

"Siku ile ulisema unaangalia betri."

"Ndiyo, yaya."

Beseni lilikuwa bado na maji nusu. Emilienne hakujua afanye nini nayo. Mwisho aliliweka chini. "Kila siku, Zéphi," alisema. "Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Kila siku nilikuja hapa." Hakusema lolote juu ya Naomie. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na yule mama ulimwacha aende."

Alfajiri Zéphirin alikwenda kwa kapita, akamwomba aite watu wale wale, wasipungue. Waliposimama nyuma ya nyumba ya Emilienne, alichukua jembe akachimba mbele yao. Aliingia shimoni mpaka magotini, akaifikia nondo, akawaonyesha kichwa chake kilivyokuwa kitupu, bila shaba. Akasema aliutoa yeye, siku gani, na kwa nini. Akasema jinsi alivyokizamisha kile kipande kwa kidole gumba. Akasema Amisa hakutuma kitu. Njia ya radi ilikatwa na shemasi.

Yule kijana wa kamba ya ndizi alitazama pembeni. Kapita Amuri alisema tu, "Uende umulete wewe mwenyewe."

Kabambare alimkuta Amisa uani kwa Faradji, anasuka. Zéphirin alipiga magoti kwenye majani ya kusukia yaliyotapakaa. Amisa alimsikiliza mpaka mwisho bila kuuacha mkono wake usimame.

"Nimekusamehe," alisema. "Mungu wetu anatuambia tusamehe, na wako nafikiri anasema vile vile. Lakini nikuulize. Pale kwa kapita, niliposema sema, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Mm," alisema Amisa, na akakata jani kwa meno.

Alirudi Lusangi kwa sababu hakuwa na nyumba nyingine. Zéphirin aliacha ushemasi kabla hajaambiwa. Alikwenda kwa mchungaji, akautoa ule waya kwenye nyumba ya wageni na kuweka mwingine, akaurudisha wa dada yake mahali pake. Kazi hakuiacha, maana watu walimhitaji, ila aliibadilisha kwa jambo moja. Hakutumia bomba tena. Waya aliuacha wazi ukutani, na kabla ya kuifukia nondo alimwita mwenye nyumba, mkubwa au mdogo, aweke mkono kwenye shaba. "Vuta," alimwambia. "Vuta kwa nguvu. Usiniamini." Wengine walidhani ni mzaha wa mafundi.

Lakini kuna kitu hakikuwezekana kurudishwa kwa pikipiki. Mwaka uliofuata, Zéphirin akiwa Lusangi, mawingu yalijikusanya mchana. Emilienne na Naomie wakaanza kuchomoa simu. Yeye akatoka kutazama waya, akamwona Amisa anafungua mlango wake, anatoka, anasimama katikati ya kiwanja, mikono yake imening'inia wazi pande zote mbili, mahali ambapo kijiji kizima kingeweza kumwona. Ngurumo ililia. Hakusogea.

Zéphirin alikimbia kwake. Hakuna mtu Lusangi aliyejua kama yeye maana ya kusimama penye wazi saa ile.

"Mama, ingia ndani! Ingia, tafadhali!"

"Ingia wewe," alisema Amisa. "Mimi nikiingia watasema niko nafanya nini mule ndani."

"Niliwaambia ukweli. Walisikia wote."

"Walisikia. Lakini siku zile tatu walikuwa wamekwisha kuniogopa."

Mvua ikashuka. Zéphirin hakuwa na uso wa kurudi ndani. Alibaki amesimama kando yake, maji yakimwingia shingoni, mpaka mawingu yalipopita. Tangu hapo, kila alipokuwa Lusangi na mawingu yakaja, alikwenda kusimama pale. Emilienne aliwatazama kutoka mlangoni.

Hivyo ikawa kwa miaka minne, mpaka kifua kilipomlaza Zéphirin na hakuamka. Emilienne alirudi kutoka mazishini na kitambaa cheusi kichwani. Siku ya sita mawingu yalikuja. Naomie alichomoa simu zote. Kule ng'ambo mlango ulifunguka, Amisa akatoka, akasimama mahali pake, na kando yake palikuwa patupu.

Emilienne alivuka kiwanja. Hakusimama pale alipokuwa akisimama mdogo wake. Alimshika Amisa mkono, akamvuta kuelekea mlango wa Amisa mwenyewe.

"Twende ndani. Nitakaa na wewe mule. Wakisema, watatusema wawili."

Waliketi kwenye mkeka, mlango wazi, wakisikiliza radi. Emilienne hakuinua macho. Zilikuwa hatua thelathini tu, na ni nyumba yake iliyopigwa. Neno lake moja, kwamba yeye hamwogopi Amisa, lingetosha tangu mwaka ule wa kwanza. Alimwachia mdogo wake aibu yote aibebe mvuani, kana kwamba ilikuwa ya mtu mmoja.